Kidole gumba cha Albert: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyefundishwa hofu

Kila aliyepitia darasa la saikolojia, awe mwalimu, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, amekutana na Albert. Hutajwa kwa mistari michache tu: palikuwa na mtoto, panya mweupe na kelele ya kutisha, mtoto akajifunza kumwogopa panya, kisha akaogopa kila chenye manyoya. Mkufunzi anapita, wanafunzi wananukuu, na kwenye mtihani swali linakuja.

Ripoti yenyewe ilichapishwa Februari 1920 katika jarida la Journal of Experimental Psychology. Ina kurasa kumi na nne. Mtu anaimaliza kwa jioni moja. Anayeisoma mpaka mwisho anakutana na mtoto tofauti na yule wa vitabuni. Mtoto huyu kila alipozidiwa alitia kidole gumba mdomoni na kutulia, na watu wazima waliokuwa mbele yake wakawa wanakitoa kidole hicho ili woga uonekane. Hizo si tetesi. Watafiti waliyaandika wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo penye elimu kubwa ya kisa hiki, kuhusu hisia za watoto na kuhusu sisi tunaowatazama.

Mtoto wa hospitalini

Mahali ni Baltimore, Marekani, katika hospitali ya watoto ya Harriet Lane iliyokuwa chini ya Johns Hopkins. Mama wa mtoto aliajiriwa pale kunyonyesha watoto wa wengine, na mwanawe akaishi hospitalini karibu tangu azaliwe. Ripoti inamwita Albert B. Alikuwa mnene, mwenye afya, mtulivu, asiyelia ovyo. Utulivu huo ndio uliomponza: watafiti waliandika kwamba kwa mtoto wa namna hiyo jaribio lisingeleta madhara makubwa.

Aliyeongoza kazi ni John B. Watson, mwanasaikolojia aliyepata jina tangu 1913 kwa kudai kwamba saikolojia ishughulike na matendo yanayoonekana na kupimika, iachane na habari za nafsi. Msaidizi wake alikuwa Rosalie Rayner, msichana wa miaka ya ishirini na kitu aliyetoka chuoni karibuni. Mwaka 1917 Watson, pamoja na mwenzake Morgan, alikuwa amependekeza kwamba mtoto huzaliwa na hisia tatu tu: hofu, hasira na upendo. Hofu huamshwa na vitu viwili, kelele kubwa ya ghafla na kuachiwa ghafla bila kitu cha kumshikilia.

Sasa, ikiwa mtoto anakuja duniani na hayo tu, mtu mzima anayeogopa giza, mende, mbwa, maiti na mkuu wake wa kazi ameyatoa wapi yote? Swali hilo ni la haki kabisa na halijapoteza uzito hata leo. Jibu la Watson lilitoka kwa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, na mbwa wake waliotokwa na udenda waliposikia ishara ya chakula: kitu kisichotisha kikija pamoja na kinachotisha, hofu huhamia kwenye kile cha kwanza. Kilichobaki kilikuwa kumtafuta mtoto wa kuthibitishia.

Albert alipokaribia miezi tisa waliletwa mbele yake, mmoja mmoja, panya mweupe, sungura, mbwa, kima, vinyago vyenye nywele na visivyo na nywele, pamba, na magazeti yanayowaka moto. Hakuogopa hata kimoja. Alivinyooshea mkono. Kisha wakajaribu kelele. Chuma chenye urefu wa futi nne na unene wa robo tatu ya inchi kilining'inizwa nyuma yake, kikapigwa nyundo. Pigo la kwanza, mtoto alishtuka, pumzi ikakatika, mikono ikaruka juu. La pili, midomo ikaanza kutetemeka. La tatu, akaangua kilio. Kwa mujibu wa ripoti, hiyo ilikuwa mara ya kwanza hisia kuamshwa maabara na kumfanya Albert alie.

Yaliyofanyika

Akiwa na miezi 11 na siku 3, panya alitolewa kwenye kikapu. Albert akanyoosha mkono wa kushoto. Ulipomgusa tu panya, chuma kikalia nyuma ya kichwa chake. Aliruka, akaanguka mbele, akaficha uso kwenye godoro. Hakulia. Mara ya pili akaanza kunung'unika. Hapo wakasimamisha kazi kwa wiki moja, kwa maelezo kwamba hawakutaka kumsumbua mno.

Wiki ilipopita, panya aliletwa bila kelele. Mtoto alimtazama sana. Akapeleka mkono, panya akanusa, mkono ukarudi. Wakampa vipande vya mbao vya kuchezea, akacheza navyo kama kawaida. Kisha wakaendelea kuoanisha panya na kelele mpaka jumla ikafika mara saba. Panya alipoletwa peke yake baada ya hapo, Albert alianza kulia papo hapo, akageuka kushoto, akaanguka ubavu, akajiinua kwa mikono na magoti na kutambaa kwa kasi hata wakamdaka kwa shida kabla hajafika ukingoni mwa meza.

Siku tano baadaye akapewa vitu vingine. Panya: alinung'unika na kujivuta nyuma. Sungura: alilia. Mbwa: alisita, woga ukiwa mdogo kuliko kwa sungura. Koti la manyoya ya sili, mnyama wa baharini: akalikataa. Pamba: hakuipenda, lakini baadaye akaisukuma kwa miguu na woga ukapungua. Hata nywele za Watson mwenyewe hakutaka kuzigusa, ilhali za watu wengine wawili waliokuwapo alizichezea bila shida. Na baina ya kila jaribio na jingine alipewa vile vipande vya mbao, naye akavichezea kwa furaha. Tafadhali lishike hilo la mbao, kwa sababu linaonyesha jambo ambalo vitabu havisemi: hofu yake haikumjaa siku nzima. Ilikuja na kuondoka, na alikuwa na uwezo wa kurudi kwenye mchezo.

Baada ya siku tano nyingine woga ulikuwa umeanza kufifia. Panya alipoletwa, mtoto alijiondoa tu bila kulia. Watafiti wakaona haja ya kuufufua kwa kuoanisha tena kelele na panya, na safari hii wakaoanisha pia na sungura na mbwa moja kwa moja. Hapa jaribio lilijiharibu kisayansi. Kama hoja ni kwamba hofu ya panya imesambaa yenyewe hadi kwa sungura na mbwa, huwezi tena kumpigia chuma akiwa na sungura na mbwa halafu ukahesabu kuwaogopa kwake kama usambaaji.

Siku hiyo hiyo walimhamishia kwenye ukumbi mkubwa wa mihadhara, ili waone kama hofu itamfuata mahali pengine. Mbwa, aliyekuwa kimya muda wote, akasogezwa karibu na uso wa mtoto, na ghafla akabweka mara tatu. Albert akaanguka na kulia mpaka mbwa alipoondolewa. Ripoti inaongeza kwamba mbweko ule uliwashtua vilevile watu wazima waliokuwa wakiangalia. Sentensi hiyo imepita haraka, kama jambo la kuchekesha. Kwangu ni kipimo cha hali halisi ya chumba kile: mtoto wa miezi kumi na moja amezungukwa na nyuso za watu wazima, na nyuso zenyewe zimeshtuka. Hakuna aliyehesabu nyuso hizo kama sehemu ya jaribio.

Siku ya mwisho

Kisha ukapita mwezi bila jaribio. Akiwa na mwaka mmoja na siku 21, Albert alirudishwa mezani kwa mara ya mwisho. Kurasa hizi ndizo zinazopaswa kusomwa polepole.

Kinyago cha Baba Krismasi kilimfanya ajivute nyuma, na alipolazimishwa kukigusa akalia. Koti la manyoya alilikunjia pua. Panya aliachwa amwendee mwenyewe. Albert alikaa kimya, akimkazia macho. Panya alipomgusa mkono, aliuondoa mara moja na kuegemea nyuma, lakini hakulia. Wakampandisha panya mkononi, akaanza kulalamika na kutikisa kichwa. Wakamwachia panya atambae kifuani. Mtoto akalalamika, kisha akafunika macho kwa mikono yake miwili.

Kwa sungura ilikuwa hivi. Mwanzoni alitulia. Baada ya muda uso ukakunjamana, akawa anamsukuma kwa miguu huku akijivuta mbali. Halafu, kama dakika moja baadaye, akanyoosha mkono wa kulia taratibu sana, akagusa sikio la sungura, na mwishowe akalishika na kulichezea.

Mtoto anayeogopa kila chenye manyoya hafanyi hivyo. Huyu alikuwa katikati ya mambo mawili, woga na udadisi, na alikuwa akijitahidi mwenyewe kuvuka. Watafiti waliandika kwamba mwitikio bado upo japo umepungua nguvu kiasi, na wakahesabu hilo kama ushahidi wa kudumu kwa hofu. Mimi nasoma maandishi yale yale na kuona mtoto anayepona bila msaada wa mtu.

Sasa tuje kwenye kidole. Ripoti inasema kwamba wakati wa majaribio, hasa lile la mwisho, Albert alipoelekea kulia, kidole gumba kiliingia mdomoni, na mkono ulipofika tu mdomoni alikuwa kama hasikii tena kile kilichokuwa kikimtisha. Siku ile ya mwisho, filamu ikichukuliwa, iliwabidi mara kwa mara wamtoe kidole mdomoni kabla mwitikio wa hofu haujapatikana. Watson alilitumia hilo kumkosoa Freud, daktari aliyefundisha kwamba chanzo cha hisia ni tamaa ya mwili: huenda kunyonya kidole hakutafuti raha bali kunazuia hofu. Ni wazo la maana sana. Lakini lilimwishia kwenye hoja dhidi ya Freud. Hakujiuliza kwa nini njia ya kutuliza hofu aliyokuwa akiitafuta iko mbele ya macho yake, kwenye mkono wa mtoto, naye anaiondoa.

Siku hiyo hiyo Albert aliondoka hospitalini. Watafiti waliandika kwa masikitiko kwamba wamekosa nafasi ya kuiondoa hofu waliyoipanda, wakataja njia ambazo wangejaribu, mojawapo ikiwa kumpa kitu kitamu wakati mnyama yupo. Lakini kurasa chache nyuma wanakiri kwamba muda wa kusubiri haukuweza kuzidi mwezi kwa kuwa mtoto alikuwa karibu kuondoka. Walijua. Mwezi mzima waliuacha upite ili wapime hofu itadumu vipi, na hakuna siku hata moja waliyoitenga kumtuliza. Karibu na mwisho wa ripoti kuna mzaha kuhusu wafuasi wa Freud watakaohangaika miaka ishirini baadaye kuichambua hofu ya Albert ya koti la sili. Nimeshindwa kuusoma mzaha ule bila kuumia.

Jaribio lilithibitisha nini hasa?

Kidogo kuliko linavyosifiwa. Mtoto mmoja, hakuna wa kulinganisha naye, wanaoangalia ni walewale wanaotaka nadharia ishinde, na dalili za hofu hazikupimwa kwa kipimo chochote zaidi ya maelezo.

Wengine walijaribu kurudia. Mwaka 1929 Horace English alimpigia chuma tena na tena mtoto wa kike wa miezi 14 akiwa na bata wa mbao, na hofu ya bata haikuja. Mwaka 1934 Elsie Bregman alijaribu kwa watoto 15, akitumia vipande vya mbao na vitambaa, naye hakufanikiwa. C. W. Valentine wa Uingereza alipuliza filimbi kali mtoto wake aliposhika darubini ndogo, mtoto hakujali. Filimbi ileile ilipopulizwa kiwavi chenye manyoya kikiwa mbele yake, mtoto aliogopa. Tangu hapo, na hasa baada ya maandishi ya Martin Seligman ya 1971, tumezoea kukubali kwamba hofu hazifundishiki kwa usawa. Miaka ya 1980 Susan Mineka na wenzake walionyesha kwamba nyani waliozaliwa maabara, wasiojua nyoka, huanza kumwogopa nyoka baada ya kumwona nyani mwingine akimwogopa, lakini hawaogopi maua hata wakionyeshwa nyani aliyefanywa aonekane anaogopa maua. Kwa hiyo panya na sungura wa Albert hawakuwa vitu vya kawaida tu kama Watson alivyodhani.

Kwa watu wazima upande mmoja wa hoja yake umesimama vizuri. Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alimpa mkono mgonjwa wake, mwanamke aliyekuwa hawezi kukumbuka jambo jipya, akiwa ameficha pini kiganjani. Baadaye mwanamke hakumkumbuka daktari wala tukio, lakini alikataa kumpa mkono, asijue kwa nini. Mwaka 1995 Antoine Bechara na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wenye majeraha katika sehemu tofauti za ubongo, wakiwaonyesha rangi mbalimbali na kuiambatanisha mojawapo na kelele kali. Aliyeharibika amigdala, sehemu inayohusika na hofu, aliweza kueleza ni rangi ipi ilikuja na kelele, ila mwili wake haukuitikia. Aliyeharibika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, mwili wake uliitikia, ila hakuweza kueleza chochote. Hofu tunayoijua kwa maneno na hofu inayotutoa jasho zina njia mbalimbali, na mtoto wa mwaka mmoja anayo hii ya pili kabla hajapata ile ya kwanza. Ndiyo maana kumwambia mtoto mdogo "hakuna cha kuogopa" hufika sikioni na kuishia hapo.

Ben Harris aliandika mwaka 1979 jinsi vitabu vya kiada vilivyokipamba kisa hiki kwa miaka mingi: vingine viliongeza vitu ambavyo Albert hakuonyeshwa kamwe, vingine vikadai kwamba mwishoni hofu iliondolewa. Naelewa kishawishi hicho. Ni vigumu kumfundisha mwanafunzi kisa ambacho mtoto anatishwa kisha anaondoka hivyo hivyo. Lakini kuongeza mwisho mwema kunafuta kosa lenyewe tunalotakiwa kujifunza kwalo.

Albert alikuwa nani, watafiti wameshindana. Mwaka 2009 kundi moja lilidai ni mtoto aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka sita, kichwa kikiwa kimejaa maji. Mwaka 2014 kundi jingine likaleta mtoto mwingine, ambaye mama yake pia alinyonyesha pale hospitalini, na aliyeishi hadi 2007. Naona wa pili anaoana zaidi na ripoti: uzito wake ulioandikwa hospitalini unakaribiana sana na wa Albert, na mtoto anayeonekana kwenye filamu si mtoto mgonjwa.

Mtu mzima aliyekosekana

Katika ripoti nzima hakuna mahali panaposema mama alikuwapo chumbani. Wala hapasemi mtoto alibebwa baada ya kulia. Miaka thelathini na kitu baadaye, kazi iliyoanzia Afrika Mashariki ndiyo iliyoonyesha pengo hilo lina maana gani. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe aliyepata kazi huko. Kwa miezi kadhaa alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, kila baada ya wiki mbili, akiwa na mkalimani, akaangalia watoto 28 na mama zao wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchungulia kitu, akigeuka kumtazama mama, akiendelea, na akitishika anarudi mbio mapajani. Kwa Ainsworth uthubutu wa mtoto haukuwa sifa ya mtoto peke yake. Ulitegemea kama kuna mtu wa kumrudia.

Kutoka Uganda alikwenda Baltimore, akafundisha Johns Hopkins, chuo kilekile. Huko akabuni utaratibu unaofahamika sana: mtoto wa mwaka mmoja hivi anawekwa na mama katika chumba kigeni, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi. Na hapo kuna mtoto anayelia, kweli. Lakini kilio si mwisho wa kipimo. Kinachoangaliwa zaidi ni mama anaporudi: mtoto anamwendea au anampa mgongo, anatulia au hatulii, anarudi kwenye vitu vya kuchezea au la. Na mtoto akizidiwa, mama huitwa mapema.

Uso wa mzazi nao ukapimwa. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo kwa chini inaonekana kama ina shimo fupi, mama akiwa ng'ambo. Mama walipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Shimo ni lilelile, kioo ni kilekile. Rudi sasa kwenye ule ukumbi wa mihadhara, mbwa akibweka na watu wazima wakiruka, uone Albert alikuwa anasoma nini.

Peter, na kazi iliyoachwa

Watson hakuendelea na watoto chuoni. Uhusiano wake na Rayner ulisababisha talaka iliyoandikwa magazetini, na mwaka 1920 akalazimika kujiuzulu, akaenda kufanya kazi ya matangazo ya biashara New York. Mwaka 1928 alitoa kitabu cha malezi kinachowashauri wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, asubuhi wawape mkono tu. Kilisomwa sana. Ushauri huo umetoka kwa mtu aliyemtazama Albert akijituliza kwa kidole, na naona mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: faraja ilikuwa kero kwake.

Aliyefanya ile kazi iliyoachwa ni Mary Cover Jones, aliyesoma chuo kimoja na Rayner. Mwaka 1924 alichapisha kisa cha Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura, panya, koti la manyoya, manyoya ya ndege na pamba. Jones mwenyewe alisema ni kama Albert aliyekua kidogo. Kwanza Peter alichanganywa na watoto wasioogopa sungura, na akaanza kusogea. Kisha akaugua homa, akalazwa karibu miezi miwili. Siku ya kutoka, wakati anapanda teksi na muuguzi, mbwa mkubwa aliwarukia. Muuguzi akashikwa na hofu kubwa. Peter akarudi mwanzo kabisa.

Hapo Jones akabadili njia. Peter alikaa kwenye kiti chake akila chakula anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali kiasi cha kutomkatisha kula. Siku baada ya siku umbali ukapungua. Jones alikuwa na orodha ya hatua 17, kuanzia kuogopa sungura akiwa popote chumbani hata ndani ya kizimba, mpaka kumwacha amtafunetafune vidole. Peter alipanda, akashuka, akapanda tena, na akafika juu. Woga wa pamba, wa koti na wa manyoya ukaondoka nao, ingawa havikufanyiwa kazi. Katika uchunguzi wake mpana wa mwaka huohuo Jones alijaribu pia kumweleza mtoto kwa maneno, kumwacha asahau, na kuwaachia wenzake wamcheke. Havikusaidia. Vilivyosaidia ni viwili, kitu kizuri kinachokuja pamoja na kinachotisha, na kuwaona wengine wasioogopa. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alikuja kujenga tiba ya hofu kwa watu wazima juu ya mlolongo huo wa hatua, katika kitabu chake cha 1958, na mpaka leo mtu anayeogopa kupanda ndege hutibiwa kwa namna hiyo.

Jones aliandika pia kwamba Peter amerudi nyumbani kwenye mazingira magumu. Mama yake alizoea kumtawala kwa vitisho, akimwambia aingie ndani kuna mtu anataka kumwiba. Mama zetu na shangazi zetu wanayajua maneno hayo. Zimwi litakuja, mumiani atakuchukua, yule polisi anakuangalia, ukilia daktari atakuchoma sindano. Hayo yanasemwa kwa mapenzi na kwa uchovu, na mtoto huyasikia mwaka mzima kabla hajafika kliniki. Halafu siku ya chanjo tunamshangaa anapopiga kelele mlangoni, na tunamwambia asiwe mwoga mbele ya watoto wengine, njia ileile Jones aliyoiona haifanyi kazi.

Kwa mtoto wa hali hiyo ningeanza kwa kuiondoa sindano kwenye orodha ya adhabu za nyumbani, leo hii. Ningempeleka kliniki siku isiyo ya sindano, akae barazani ale muhogo wake au biskuti, arudi. Akiwa na nduguye mkubwa asiyelia, aende naye, amwone akichomwa. Siku yenyewe apakatwe, aruhusiwe kunyonya kidole au kushika kanga ya mama, asidanganywe kwamba haiumi. Na kama anayempakata ni mzazi ambaye mwenyewe hufumba macho akiona sindano, ampe bibi au mjomba kazi hiyo, yeye asubiri nje.